Baba Alipomuuliza Kama Ana Shahidi

Baba yangu alikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya hakimu, kulipokea neno katika lugha moja na kulitoa katika nyengine. Alikijua Kiarabu, alikijua Kihindi cha madukani, na Kiingereza alikipata skuli ya serikali. Hatukuwa watu wa ukoo mkubwa. Babu yangu alitoka bara akaja kufanya kazi ya upagazi bandarini, na baba ndiye wa mwanzo katika nyumba yetu kwenda kazini amevaa koti. Mtaani wakimwita Mkalimani, na mimi na dada yangu tukiitwa watoto wa Mkalimani, na tukipenda.

Skuli zikifungwa alinichukua pamoja naye mpaka mahakamani Vuga, akanikalisha benchi la nyuma na kunionya nisikohoe ovyo. Siku moja aliletwa bibi mmoja wa shamba, wa upande wa kusini, kwa ugomvi wa mipaka. Bibi yule alisema Kimakunduchi kitupu, na alikuwa amekasirika, na katika maneno yake akamtukana hakimu Mzungu pamoja na mama yake hakimu. Baba akayatia yote katika Kiingereza, tusi baada ya tusi, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, kama mtu anayetaja bei za vitu dukani. Watu walicheka mpaka hakimu naye akacheka. Mchana, tulipokuwa tunakula, nilimuuliza kwa nini hakuyapunguza kidogo.

"Si yangu yale," akasema. "Ni ya mwenyewe. Mimi nikiyapunguza, yule bibi atakuwa hakusema."

Nyumbani pia alikuwa hivyo hivyo. Nikimshitaki dada yangu, jambo lake la kwanza lilikuwa kuuliza, "Na yeye anasemaje?" Kisha humwita dada na kumsikiliza mpaka mwisho, hata kama uwongo wa dada uko wazi. Nikiudhika sana, maana mara nyingi haki ilikuwa yangu. Lakini nilijua kuwa siku nikishitakiwa mimi, nami ntasikilizwa. Mtoto akikulia nyumba ya namna hiyo hufikiri dunia nzima iko vile.

Yalipokuja mapinduzi, mwaka wa sitini na nne, nilikuwa bado madarasa ya chini. Miezi ile ya mwanzo watu wengi walihama, na mahakamani nako kukawa kweupe. Wazungu waliondoka, mawakili wa Kihindi wakafuata mmoja mmoja, wengine bila ya kuaga. Baba alibaki. Tulitoka chumba chetu cha kupanga Mlandege, tukapewa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani Mkunazini, yenye madirisha marefu na dari inayovuja. Masika yakianza, mama alitandaza masufuria na mabakuli kila pembe, tukalala tunasikiliza matone.

Chini yetu akikaa mjane mmoja ambaye tulimkuta pale pale. Mumewe alikuwa mwashi, alianguka kazini akafa, na mtoto wao wa pekee alichukuliwa na surua. Akiishi kwa kupika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, akiupalia makaa chini na juu ya kifuniko, na harufu ya iliki ikipanda ngazi mpaka kwetu. Mimi na dada tukimwita Mama wa Chini. Yeye na mama walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja. Nilipovunja ungo, yeye ndiye aliyekuwa somo yangu, aliyenikalisha kitako akanifunza mambo ambayo mama hamwambii mwanawe. Baba akimwita Bi Mkubwa, na yeye akimwita baba shemegi.

Halafu zikaja mahakama mpya. Tuliambiwa hizi ni za watu wenyewe. Hakuna joho, hakuna Kiingereza, na mawakili hawatasimama tena kumsemea mtu. Kila mtu atasema mwenyewe kwa Kiswahili chake, mbele ya watu watatu waliochaguliwa katika wananchi wenziwe. Nilikuwa nakaribia kumaliza skuli, na mimi niliona ni jambo zuri. Baba hakusema kitu. Ilinichukua siku kadhaa kufahamu. Kama kila mtu atasema Kiswahili, mkalimani wa nini?

Kweli aliambiwa apumzike. Akawa mtu wa kukaa nyumbani, amevaa shuka na fulana, anafungua na kufunga saa ya ukutani ambayo haikuwa na ubovu wowote. Akienda sala ya laasiri alipita njia ya nyuma ili asikutane na wenziwe wa kazini. Sikuwahi kumwona baba mnyonge vile. Kisha asubuhi moja ikaja gari mlangoni, akaitwa, na aliporudi alikuwa mtu mwengine. Ameteuliwa kukaa mahakamani. Si kukalimani. Kukaa mwenyewe, mmoja wa wale watatu.

Mama alipiga kigelegele pale pale ngazini. Mama wa Chini akapandisha sinia ya mkate wa moto, akaiweka mbele ya baba.

"Shemegi, sasa haki inakaa juu ya kichwa changu," akasema, akionyesha dari kwa kidole, na sote tukacheka, baba kutushinda.

Wakati ule chakula kilikuwa cha shida. Mchele, unga na sukari vikitolewa kwa kipimo, na foleni ilianza alfajiri. Mtu akionekana na chakula kingi ndani kwake aliitwa mlanguzi, na mlanguzi alikuwa adui. Na sisi tulikuwa na arusi. Dada yangu alikuwa ameposwa na mwalimu wa skuli, kijana mpole, na mama hakuweza kuifikiria arusi ya mwanawe wa kwanza isiyokuwa na wali. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na konde la mpunga bonde la Cheju. Kila akija mjini alituletea kikapu cha mchele alioulima kwa mikono yake, na mama akiutia katika gunia.

Gunia lilipokaribia kujaa, masika yakaingia, na juu kwetu hapakuwa na pembe kavu. Mama wa Chini akasema tulishushe kwake, katika chumba kidogo chini ya ngazi alimokuwa akiweka makaa. Baba alishika upande mmoja wa gunia, mimi na dada upande wa pili, tukateremka nalo kipandio kwa kipandio, baba akisema, "Taratibu, taratibu, tusije tukamwaga biriani." Alikuwa na furaha. Tulipolitua, Mama wa Chini akalifunika kwa mkeka.

Siku waliyokuja askari kukagua majumba, mimi, mama na dada tulikuwa Mlandege kwa fundi aliyekuwa akishona nguo za arusi. Tuliporudi tulikuta mlango wa chini wazi, mkate umeungua jikoni na moshi umejaa ukumbini. Muuza kahawa aliyekuwa akikaa barazani mwetu ndiye aliyetupa habari.

"Wamemchukua," akasema. "Wamekuta gunia zima la mchele. Wanasema watu wanalala na njaa na yeye anapika mikate ya kuuza."

"Hawakumuuliza ni wa nani?" mama akauliza.

"Wamemuuliza. Kasema wa arusi. Wakamuuliza arusi ya nani, akanyamaza. Akaitizama ngazi tu."

Mama hakupanda hata juu. Alijifunika buibui lake vizuri, akageuka kwenda kituoni kusema kuwa mchele ni wake. Mlangoni akakutana na baba anarudi kazini. Baba alikuwa ameshasikia. Alimshika mkono akamrudisha ndani, akafunga mlango.

"Ukenda wewe, watakushika na wewe, na yeye hatatoka," akamwambia. "Mahakamani nakaa mimi. Ntasema pale panaposemwa."

"Utasema?"

"Nshakwambia ntasema."

Mama akalivua buibui. Katika maisha yake yote na baba hakuwa na sababu ya kutomwamini, na mimi sikuwa nayo. Nilimwonea huruma hata yule aliyekuwa ameandika mashitaka, maana nilijua ataaibika. Nilikuwa na picha yangu kichwani: baba anasimama kutoka kitini, anasema kwa sauti yake ya kawaida kuwa mchele ule ni wake, kisha Mama wa Chini anarudi nyumbani.

Siku ya kesi mama alibaki kupika. Alipika pweza wa nazi, chakula alichokipenda mwenzake kuliko vyote, ili akitoka akikute. Mimi nikavaa buibui nikaenda peke yangu.

Chumba kilijaa. Wale watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti katikati, mtu mnene wa maneno machache, na baba mkono wake wa kulia. Mama wa Chini alisimama mbele yao amevaa kanga zile zile alizochukuliwa nazo. Alikuwa amepungua, lakini hakuonekana kuogopa. Alikuwa akimtizama baba kama mtu anavyomtizama msafiri mwenzake chomboni, kwa utulivu. Mimi nikaona ni kwa kuwa anamwamini, kama sisi.

Mwenyekiti akamuuliza mchele ni wa nani.

"Wa arusi," akasema.

"Arusi ya nani?"

"Mwenyewe anajua."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akageuka kulia na kushoto kuwauliza wenziwe kama wana la kuuliza. Wa kushoto akatikisa kichwa. Baba akakohoa. Nilijiweka sawa kwenye benchi, nikajua sasa ndio wakati.

"Bibi," baba akasema, wala si Bi Mkubwa, "una shahidi?"

Alimuuliza hivyo, na macho yake yako mezani.

Mama wa Chini akamtizama. Kisha akasema, "Shahidi yupo."

"Yuko wapi?"

Hakujibu. Baba akaandika kitu katika karatasi iliyokuwa mbele yake, akaiweka kalamu chini. Mwenyekiti akasema kama hakuna shahidi basi hakuna la kungoja. Hapo nilijikuta nimesimama. Sikupanga. Nilisikia sauti yangu, nyembamba.

"Mchele ni wetu! Nimeushusha mimi na baba. Na dada yangu. Baba, waambie!"

Chumba kizima kikageuka. Mwenyekiti akauliza, "Nani huyu?"

"Mwanangu," baba akasema. Alininyanyulia macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kisha akamwinamia mwenyekiti na kuzungumza kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kumwaga chai. "Samahani, mwenyekiti. Tangu amalize mtihani kichwa chake hakijatulia. Hali, halali. Tunamtizamia kwa waganga."

Nikaona nyuso za watu zinabadilika. Hawakunikasirikia. Walinionea huruma. Bibi mmoja aliyekaa jirani yangu akanishika mgongo, akasema, "Masikini, mtoto mzuri." Nikasema tena kuwa mchele ni wetu, na kila nilipolisema neno lile nilijisikia nazidi kuwa mgonjwa. Nikamtizama Mama wa Chini anisaidie. Alikuwa amenikunjia uso.

"Toka nje, mwanangu," akaniambia. "Toka. Usiniharibie."

Askari akanishika kiwiko, taratibu, akanitoa. Sikuisikia hukumu. Niliisikia kwa watu walipokuwa wakitoka: mwaka na nusu.

Nyumbani, mama aliponiona peke yangu aliuliza tu, "Hakusema?" Nikamwambia hakusema. Na nikamwambia alilolisema kuhusu mimi. Mama akakaa kitako chini, mgongo wake ukutani, na yule pweza akabaki jikoni mpaka akaharibika.

Baba alirudi laasiri. Alinawa, akasali, akaja kukaa sebuleni. Mimi nilikuwa namngojea.

"Umewaambia watu mimi mwendawazimu," nikasema.

"Nimekutoa katika shimo ulilokuwa unajitia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Unajua wangefanya nini? Wangetukamata sote. Kaka yake mama yako angekamatwa huko shamba. Dada yako nani angemuoa? Wewe ungesoma wapi?"

"Na yeye?"

Akaitizama sakafu. Kisha akasema, "Yule hana mume wala mtoto. Atarudi. Sisi tusingerudi."

Alikuwa amekaa akatupima, sisi upande mmoja na yeye upande wa pili, kama wanavyopima karafuu. Na mimi, masomo yangu na mustakbali wangu, nilikuwa mmoja wa mawe ya mizani aliyoyatumia. Hakuniuliza kama nataka.

Arusi haikuahirishwa. Kabla ya siku yenyewe kufika, gari ya kazini kwake baba ilisimama mlangoni, vijana wakateremsha gunia la mchele, jipya, limeshonwa kwa uzi wa buluu. Baba alikuwa ameomba ruhusa kwa wakubwa na amepewa, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kupewa. Gunia likapandishwa ngazi, likapita mbele ya mlango uliofungwa wa Mama wa Chini. Mama aliupika mchele ule wote, aliupika vizuri, wageni wakausifu. Hakula punje. Dada alilia siku yake ya arusi, na watu wakasema ndivyo wanavyolia mabibi arusi.

Kila Ijumaa mama alikwenda jela kupeleka chakula. Wakati mwengine alikipokea mlinzi tu, wakati mwengine walimruhusu kumwona. Kwa baba akimpikia, akimfulia, akijibu akiulizwa.

Majibu ya mtihani yalipotoka, na yalikuwa mazuri, nilitakiwa nitaje ninachotaka kukisoma chuo kikuu. Niliandika sheria. Baadaye nimewasikia watu wakieleza namna walivyovutwa na sheria, na wengi hueleza kwa maneno mazuri, mapenzi ya haki, kuwatetea wanyonge. Mimi sikuwa na mapenzi ya kitu. Nilikuwa na hasira. Kila siku nilikuwa nairudia ile asubuhi kichwani, na kila mara nikaona kitu kimoja kilichokosekana mle ndani: mtu ambaye kuuliza ni kazi yake. Msichana aliyevaa buibui akisimama akasema baba anasema uwongo, anatolewa kwa kiwiko. Angesimama mtu ambaye kazi yake ni kusimama, akamuuliza mmoja wa watatu wale anakaa nyumba gani, na chini ya ngazi yake kuna nini, nani angesema anatizamiwa? Nilitaka kuwa mtu huyo. Na nilitaka baba anione.

Baba alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia watu msikitini. "Mwanangu kafuata kazi yangu," akasema, na watu wakampa mkono. Kuondoka kisiwani wakati ule kulitaka ruhusa, na msichana kupewa ruhusa ya kwenda kusoma bara peke yake halikuwa jambo jepesi. Yeye ndiye aliyekwenda huku na huko mpaka ikapatikana. Kwa hiyo nilimkimbia kwa mkono wake mwenyewe. Nililijua hilo nilipopanda meli, na nililijua kila siku nilipokaa darasani.

Wiki ya kwanza, mwalimu wetu mmoja aliwauliza wanafunzi kilichowaleta kusoma sheria. Kijana mmoja akasema baba yake amenyang'anywa shamba na ndugu yake. Mwengine anataka ubalozi. Mmoja, mkweli kuliko sote, akasema alama zake hazikutosha udaktari. Msichana mwenzangu wa pekee akasema anapenda kubishana, na darasa likacheka. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Baba yangu anakaa mahakamani, Zanzibar."

"Aa, basi ni urithi," mwalimu akasema kwa furaha.

Nikaitikia. Nilijifunza siku ile kuwa mtu anaweza kusema kweli tupu na asieleweke hata kidogo.

Likizo yangu ya kwanza ndefu, nilipofika nyumbani, mama aliniambia Mama wa Chini ameshatoka. Hakurudi Mkunazini. Chumba chake kilipewa mtu mwengine alipokuwa ndani, na sasa alikuwa akikaa kwa kaka yake, Mpendae. Nilikwenda siku ya pili yake. Nilimkuta uani, anasuka ukili. Nywele zimemtoka mvi zote.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda wewe. Huko bara hawakulishi?"

Akaniwekea mkeka, akaniulizia dada na mimba yake, akaniulizia mama kama miguu bado inamvimba. Baba hakumtaja. Mwisho nikamwambia nasoma sheria, na nikamwambia kwa nini. Nilimweleza kila kitu, hata lile la urithi. Nilitaraji labda atalia, au atanibariki. Aliacha kusuka, akanitizama kwa mshangao.

"Kwani baba yako hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kuwa alinijia kituoni."

Sikujua. Mama hakujua. Akanieleza polepole, macho yake kwenye ukili.

"Siku ya pili ya kushikwa kwangu, alasiri, alikuja. Askari wakasimama kwa heshima, wakatupisha. Akanambia, Bi Mkubwa, usinitaje. Ukinitaja wataniondoa kitini, na hapatakuwa na wa kukusaidia. Usiponitaja, nikiingia kushauriana na wenzangu ntawageuza, utatoka siku ile ile. Akaniapia. Akaniapia kwa wewe na dada yako."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na sikujua nikiweke wapi.

"Ndio nikakwambia utoke," akasema. "Niliona unakuja kuniharibia."

"Na alipokuuliza kama una shahidi?"

"Nilidhani ndio anaanza." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mpaka nafika mlango wa jela nilidhani iko njia yake. Nikajisemea, shemegi mtu wa sheria, anajua mlango gani wa kupitia. Miezi, mwanangu. Kila wakiita jina nasimama."

Alisema hivyo akarudi kusuka. Nilipomuaga alinifunga ndizi mbivu katika jani nimpelekee mama.

Kwa muda ule wote nilikuwa nikimhesabia baba kosa la uoga. Uoga naufahamu. Nilikuwa hata nimeanza, kidogo kidogo, kumtafutia udhuru, kama wafanyavyo watoto. Sasa nikaona kuwa alikuwa ameupanga ukimya wa yule bibi kabla ya siku yenyewe, na kwamba swali lake mbele ya watu aliliuliza akijua jibu limeshafungwa.

Nilimkuta sebuleni, redio inasoma habari. Nikaizima.

"Ulimwendea kituoni," nikasema.

Hakuuliza nani. Aliuliza, "Kakwambia yeye?"

"Kanambia yeye. Uliapa kwa mimi."

Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka. Alikuwa amezeeka na yeye, nikaona. "Niliingia mle tunamoshauriana na nia ya kusema," akasema. "Wallahi. Nikakuta wenzangu wameshaamua. Mwenyekiti akanambia, huyu tumpe mwaka na nusu, unaonaje?"

"Ukasemaje?"

Akairudisha miwani machoni.

"Nikasema hewala."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Huko chuoni nilikuwa nimefunzwa kubishana. Sikuwa na la kulibishia neno lile. Nikageuka kutoka, na hapo ndipo aliponiita, kwa jina langu la utotoni.

"Usimwambie mama yako," akasema.

Nilimwambia mama jioni ile ile, tulipokuwa tunachambua mchicha. Alimaliza fungu lake, akaosha mikono, akakunja kanga na nguo chache katika kitambaa, akaenda Mpendae. Alikaa huko kwa mwenzake mpaka dada aliposhikwa na uchungu, ndipo aliporudi, kwa kuwa mjukuu alihitaji bibi na dada alihitaji mama. Baba akampokea mzigo mlangoni. Waliendelea kukaa nyumba moja. Mama akamhamishia baba kitanda chake chumba cha mbele, na hapana aliyelizungumza.

Nilirudi chuo. Mwaka ule tulisoma sheria ya ushahidi, na kuna siku nilitoka darasani katikati ya somo nikaenda kukaa chini ya ngazi za maktaba mpaka lilipomalizika. Lakini nilifaulu. Nilipomaliza, kule kwetu wakili bado hakuwa na mahala pa kusimama, kwa hiyo nikatafuta kazi bara na nikaipata.

Baba alikuja kwenye mahafali. Sikumwalika. Alipata habari kwa dada, akavuka peke yake. Nilimwona kwa mbali kabla ya yeye kuniona, amevaa kanzu na koti juani, anamuuliza mtu mmoja njia, kisha mwengine, na kila anayemuuliza anamwambia kuwa yeye ni baba, mwanawe anapewa digrii ya sheria leo. Mtu mmoja alimpa mkono na kumpongeza, na baba akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

Nikamwendea. Nikasema shikamoo, nikaubusu mkono wake, kwa kuwa ni baba yangu na watu walikuwa wakitutizama. Akaitikia marahaba, akaniombea dua ndefu mbele ya wenzangu, macho yake yamejaa machozi. Nilisimama nimeinamisha kichwa mpaka dua ilipokwisha, nikasema amin pamoja na wengine, na ndani yangu hapakuwa na kitu kilichoitikia.